Kubeti Tenisi Laivu Ukiwa Itigi: Hesabu Kwanza, Simu Baadaye

Jumanne asubuhi hakuna Ligi Kuu, hakuna Uingereza, hakuna Hispania. Ukifungua programu yoyote ya kubeti pale stendi ya Itigi, ukurasa wa laivu umejaa tenisi: mtu wa Argentina anacheza na mtu wa Kazakhstan, mji huujui, mashindano huyajui, odi zinahama kila nusu dakika. Ndivyo vijana wengi wa mji wetu walivyoingia kwenye mchezo huu. Mpira wa miguu wanautazama Jumamosi kibanda umiza, wakiijua timu na historia yake. Tenisi wanakutana nayo kwenye simu, kama namba zinazobadilika, katikati ya wiki, wakisubiri abiria.

Mwongozo huu namwandikia mtu aliyetimiza miaka 18, kama sheria ya nchi inavyotaka, ambaye tayari anabeti tenisi laivu au amekusudia kuanza. Nataka ajue anachokinunua. Simwandikii anayetafuta kipato, kwa sababu hapa hakuna kipato cha kutegemea. Anayetafuta ada ya mtoto au mtaji wa duka aiache kabisa simu hiyo, na nitaeleza kwa hesabu kwa nini nasema hivyo.

Odi ni bei

Watu wengi wakiona 1.85 wanafikiria malipo. Wewe fikiria bei. Gawanya 1 kwa 1.85 utapata 0.54, yaani kampuni inakuuzia mchezaji huyo kana kwamba ana nafasi 54 katika 100. Sasa chukua mechi ya wachezaji wanaolingana kabisa. Bei ya haki ingekuwa 2.00 kwa kila mmoja, lakini kwenye skrini utakuta 1.85 na 1.85. Jumlisha 54 na 54, unapata 108. Zile 8 zilizozidi mia ndiyo riziki ya kampuni, na unailipa kila unapoweka dau, ushinde au ushindwe.

Kabla ya mechi, hasa mechi kubwa, ziada hiyo huwa ndogo. Mechi ikishaanza huongezeka, na kwenye yale masoko madogo ya "nani atachukua gemu inayofuata" au "nani atapata pointi inayofuata" huwa kubwa zaidi. Usiniamini mimi, chukua kikokotoo cha simu ufanye hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kila dau. Jumla ikifika 110, funga ukurasa. Hakuna ujuzi wa tenisi utakaofidia bei hiyo.

Halafu kuna kodi. Ushindi wa ubashiri wa michezo hukatwa kodi ya zuio kabla hujaupokea. Mwaka 2022 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 15 hadi 10, na kwa kuwa Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka, angalia tiketi yako uone unakatwa kiasi gani leo. Tufanye ni 10. Umeweka shilingi 1,000 kwa odi ya 1.85. Faida ni 850, kodi 85, mkononi inabaki faida ya 765. Ili usipate hasara kwa muda mrefu, unatakiwa kupatia karibu mara 57 katika kila 100, kwenye mechi ambayo kampuni yenyewe inaiona ni nusu kwa nusu.

Ishike namba hiyo. Kati ya 50 na 57 kuna pengo, na mkakati wowote utakaouziwa, uwe umetoka kwa rafiki, kwenye kundi la WhatsApp au kwa mtu wa Telegram, kazi yake ya kwanza ni kuliziba pengo hilo. Mikakati mingi hata hailigusi.

Simu yako iko nyuma ya uwanja

Fuata safari ya pointi moja. Mwamuzi aliyekaa kwenye kiti kirefu anabonyeza kifaa chake pointi inapomalizika. Taarifa inakwenda kwa kampuni ya takwimu, inatoka huko kwenda kwenye kompyuta za kampuni za kubeti, odi inarekebishwa, ndipo inakufikia wewe. Ikiwa unatazama video, nayo imechelewa kwa sekunde kadhaa tangu kamera ilipoinasa. Ongeza mtandao wetu, ambao ukitoka kidogo tu nje ya mji kuelekea Rungwa unaanza kukatika. Unachokiona kwenye skrini kimeshatokea, na aliyekuwekea bei amekiona kabla yako.

Sekunde hizo watu wamezigombania. Januari 2014, kwenye Australian Open mjini Melbourne, polisi walimkamata kijana Mwingereza aliyekuwa ameketi jukwaani na kifaa alichokificha kwenye nguo, akituma kila pointi kwa kampuni yake London ili wawahi kabla matokeo rasmi hayajafika sokoni. Mashtaka yalifutwa Machi mwaka huohuo, lakini jambo lenyewe linafundisha: kulikuwa na kampuni iliyomlipia mtu kwenda upande wa pili wa dunia ili kupata sekunde chache tu. Miaka miwili baadaye gazeti la The Guardian liliandika habari za waamuzi wa mashindano madogo, wakiwemo wa Kazakhstan, Uturuki na Ukraine, walioshutumiwa kuchelewesha kuingiza pointi kwenye kifaa ili wenzao wapate muda wa kubeti wakijua kilichotokea. Hao ndio unaoshindana nao kwa kasi. Ukiwa Itigi, mkakati wowote unaodai wepesi wa kidole umekufa kabla hujaanza.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaligundui. Ukibonyeza "weka dau" kwenye laivu, programu inazunguka kwa sekunde kadhaa kabla ya kukubali. Kampuni inatumia muda huo kuangalia kama kuna pointi imechezwa. Ikiwa mchezaji wako ameshinda pointi hiyo, odi inashuka na dau lako linakataliwa au unaletewa bei mpya. Ikiwa ameshindwa, mara nyingi dau linapita. Maana yake madau yanayokubaliwa haraka yana tabia ya kuwa yale ambayo mambo yamekuendea vibaya. Ingia kwenye mipangilio, tafuta kile kipengele cha kukubali mabadiliko yoyote ya odi, ukizime. Dau lipite kwa bei uliyoiona au lisipite kabisa.

Weka dau wakati mpira umesimama tu. Wachezaji hubadilisha upande gemu zikifikia namba witiri na kupumzika sekunde 90. Baada ya gemu ya kwanza ya seti hubadilisha upande bila kukaa, kwa hiyo hapo hakuna nafasi. Seti ikiisha wanapata sekunde 120. Hizo ndizo nyakati zako: 2-1, 3-2, 4-3, na mwisho wa seti. Katikati ya gemu usiguse kitu.

Soma matokeo kabla ya kusoma odi

Kosa la mgeni wa tenisi linaanzia hapa. Anaona 3-2 anadhani wa kwanza anaongoza. Uliza kwanza nani alianza kusevu, yaani kuanzisha mpira. Kama aliye na 3 ndiye aliyeanza, na kila mmoja ameshinda gemu alizosevu, hakuna anayeongoza. Mwenzake anakwenda kusevu sasa na huenda ikawa 3-3. Uongozi wa kweli ni breki, yaani kushinda gemu ambayo mpinzani ndiye aliyekuwa anasevu. Mechi yenye 3-2 ya breki na yenye 3-2 ya kawaida ni mechi mbili tofauti, ingawa kwenye skrini zinafanana.

Uzito wa breki nao unatofautiana. Kwenye mashindano makubwa ya wanaume, anayesevu huchukua karibu gemu 8 katika 10. Kwa wanawake ni kati ya 6 na 7. Breki moja kwenye mechi ya wanaume kwenye nyasi inaweza kuimaliza seti. Kwenye mechi ya wanawake kwenye udongo mwekundu, breki kujibiwa kwa breki ni jambo la kila siku. Anayenunua mchezaji kwa odi ya 1.20 kwa sababu tu amebreki mapema kwenye seti ya wanawake ananunua kwa bei ya juu kitu kinachovunjika haraka.

Ndani ya gemu pia kuna hesabu yake. Tuseme mchezaji hushinda pointi 60 katika kila 100 anazosevu. Atachukua gemu zake karibu 74 katika 100. Akianza vibaya, 0-30, bado ana nafasi karibu 37. Akiwa 15-40, ana 25. Sasa mchukue anayeshinda pointi 65: gemu zake zinafika 83, kwenye 0-30 ana karibu 48, kwenye 15-40 ana 33. Tofauti ya pointi tano tu katika mia inageuza gemu inayoonekana kupotea kuwa karibu nusu kwa nusu. Sikupi namba hizi ili ukimbilie kubeti mtu akiwa 0-30, maana nimeshakwambia katikati ya gemu simu yako imechelewa. Nakupa ili usiogope na kuuza tiketi yako kwa hasara kwa sababu ya pointi mbili.

Na usidhani anayeshinda pointi nyingi ndiye anayeshinda mechi. Fainali ya Wimbledon ya 2019, Roger Federer alichukua pointi 218 na Novak Djokovic 204, Federer akawa na pointi mbili za ubingwa akisevu 8-7 kwenye seti ya tano, na kombe akalichukua Djokovic. Kwenye fainali ya mjini Paris, Juni 2025, Jannik Sinner alikuwa na pointi tatu za ubingwa kwenye seti ya nne, Carlos Alcaraz akiwa 0-40 kwenye sevu yake. Alcaraz akashinda baada ya saa 5 na dakika 29, na jumla ya pointi Sinner alimzidi kwa moja. Ukiona odi ya 1.02 kwenye hali kama hiyo, kampuni inakutaka uhatarishe shilingi 10,000 ili upate faida ya 200, nayo bado haijakatwa kodi. Acha.

Habari ya "amepata moto" nayo ipunguze. Wanatakwimu wawili wa Uholanzi, Franc Klaassen na Jan Magnus, walichambua karibu pointi 90,000 za Wimbledon za 1992 hadi 1995 kuona kama kushinda pointi moja kunamwongezea mtu nafasi ya kushinda inayofuata. Walikuta athari ipo, lakini ni ndogo. Macho yetu huiona kubwa kwa sababu tunakumbuka siku ilipotokea.

Namba za kuandika kwenye daftari

Hapa ndipo ninapokuomba utulie, kwa sababu mkakati maarufu kuliko yote wa tenisi laivu ni huu: subiri mchezaji bora apoteze seti ya kwanza, odi yake ipande, umnunue. Unasikika una akili. Tatizo ni kwamba karibu wote wanaoutumia hawajui bei ya haki ni ipi baada ya seti kupotea.

Chukua mechi ya seti tatu, yaani anayeshinda mbili anamaliza. Mchezaji aliyekuwa na nafasi 60 katika 100 kabla ya mechi, akipoteza seti ya kwanza anabaki na 32. Aliyekuwa na 75 anabaki na 45. Aliyekuwa na 90 anabaki na 65. Hesabu hii inachukulia kwamba kiwango chake hakijabadilika, kwamba haumwi wala hajaumia, amepoteza seti tu.

Geuza nafasi hizo ziwe bei. Mwenye 32, bei ya haki ni 3.10. Ukiongeza kodi ya asilimia 10, unahitaji karibu 3.35 ili tu usipate hasara. Mara ngapi umemwona kijana akifurahi kumnunua mchezaji kama huyo kwa 2.40, akisema "kabla ya mechi alikuwa 1.55, sasa ni dezo"? Siyo dezo. Amelipa sana. Mwenye 45, bei ya haki ni 2.20, na pamoja na kodi unahitaji 2.34 au zaidi. Mwenye 65 unahitaji karibu 1.60.

Mechi za seti tano ni habari nyingine. Hizi ni za wanaume tu, kwenye mashindano manne makubwa: Melbourne, Paris, Wimbledon na New York. Mchezaji mwenye nafasi 75 akipoteza seti ya kwanza kati ya tano bado ana karibu 55. Muda wa kurekebisha mambo ni mrefu, na mchezaji bora anautumia. Kwa hiyo, ikiwa utautumia mkakati huu wa seti ya kwanza, utumie kwenye mashindano manne hayo, upande wa wanaume, na ukiwa umeandika bei yako asubuhi. Kwingine kote mimi siushauri.

Namna ya kuifanya ni hivi. Kabla ya mechi, angalia kwenye tovuti za ATP (wanaume) na WTA (wanawake), ambazo ni za bure, mchezaji anashinda asilimia ngapi ya pointi zake za sevu, ikiwezekana kwenye uwanja wa aina hiyo, iwe nyasi, udongo au uwanja mgumu. Angalia jana alicheza kwa muda wa saa ngapi. Andika nafasi unayompa, kisha andika bei utakayoikubali ikiwa atapoteza seti ya kwanza. Weka simu pembeni. Bei isipofika, siku imeisha na hujapoteza kitu. Siku nyingi haitafika, na hilo ni jambo jema.

Kabla ya kubonyeza, tazama dalili za mwili. Daktari akiitwa uwanjani, mchezaji hupewa dakika 3 za matibabu. Ukiona odi ya mchezaji mashuhuri inapanda kuliko matokeo yanavyoeleza, usifikiri kampuni imelala. Kuna mtu anayemwona akichechemea nawe humwoni. Tena soma sheria ya kampuni yako kuhusu mchezaji kujitoa. Baadhi hurudisha madau yote ikiwa mechi haikuisha, nyingine huhesabu tiketi ikiwa seti moja imekamilika. Swali hilo ulimalize kabla ya kuweka shilingi hata moja, maana likizuka baada ya hapo utalalamika bure.

Kuhusu keshauti, kile kitufe cha kuchukua pesa kabla mechi haijaisha, tumia hesabu moja. Umeweka 5,000 kwa 3.00, malipo tarajiwa 15,000. Sasa mchezaji wako amefika 1.50. Gawanya 15,000 kwa 1.50: karibu 10,000. Wakikupa 8,500, hizo 1,500 ni nauli ya kutoka. Ulilipa riziki ya kampuni ulipoingia, unalipa tena ukitoka. Kuna siku inafaa, ukiona mchezaji ameumia kwa mfano. Lakini anayebonyeza kitufe hicho kila mechi kwa hofu anaitajirisha kampuni mara mbili.

Mechi za kukaa mbali nazo

Zile mechi za asubuhi za katikati ya wiki, zenye herufi M15 au W15 mbele ya jina la mji, usiziguse. Namba 15 inatokana na zawadi: dola 15,000 kwa mashindano yote, wachezaji wote wagawane. Anayetolewa mzunguko wa kwanza hapati hata nauli ya kurudi kwao. Jopo huru lililochunguza uadilifu wa tenisi lilitoa ripoti mwaka 2018 likasema tatizo la upangaji matokeo ni zito hasa ngazi hizo za chini, na likapendekeza matokeo ya moja kwa moja ya mashindano hayo yasiuzwe tena kwa ajili ya kubeti. Mwaka 2023 mahakama nchini Ubelgiji ilimhukumu kifungo Grigor Sargsyan, aliyeendesha mtandao wa wachezaji zaidi ya 180 kutoka nchi nyingi. Alichokuwa anakinunua mara nyingi hakikuwa mechi nzima. Alinunua seti, au gemu moja tu, mchezaji aipoteze kisha aendelee kucheza kwa bidii. Mtu kama huyo anakula kwenye soko lilelile la "gemu inayofuata" ambalo wewe unalichezea kwa kubahatisha.

Hili haliwahusu wachezaji wote wa ngazi hiyo, wengi ni waaminifu na wanapambana. Tenisi ya kwetu Afrika Mashariki inakulia hukohuko. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyechukua ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili mwaka 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, amepita kwenye mashindano madogo kama hayo, na Kigali ilianza kuandaa mashindano ya ATP Challenger mwaka 2024. Wafuatilie, washangilie. Lakini mapenzi hayabadilishi hesabu ya bei, na mchezaji wa kwetu akishindwa usimtumie matusi mtandaoni kwa sababu mkeka wako umechanika. Wachezaji wa tenisi hutukanwa na wanaobeti karibu kila siku, na ni aibu.

Anayekuuzia "fiksi" kwenye Telegram ni tapeli. Mwenye siri ya mechi iliyopangwa hana haja ya shilingi 20,000 zako. Na kampuni isiyo na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania usiitumie hata kama odi zake ni nzuri, kwa sababu ikikudhulumu hutakuwa na pa kwenda.

Saa zetu

Ratiba ya tenisi inaharibu usingizi. Australian Open, mwezi Januari, mechi za kwanza huanza Itigi saa 9 usiku. Paris, Mei na Juni, ni saa 6 mchana. Wimbledon, mwisho wa Juni na Julai, viwanja vya pembeni huanza saa 7 mchana. New York ni saa 12 jioni, na mechi za usiku kule zinaanza saa 8 usiku wa kwetu. Weka kanuni ya kutobeti kati ya saa 5 usiku na alfajiri. Mtu aliyechoka hafanyi hesabu ya 108, anabonyeza tu. Na ukitazama vizuri utaona Paris na Wimbledon zinaangukia miezi ambayo alizeti inauzwa na pesa ipo mfukoni. Mkulima na dalali wawe macho zaidi msimu huo kuliko mwingine wowote.

Pesa

Tenga laini au akaunti moja ya simu kwa ajili ya kubeti, weka kiasi ambacho kikiisha chote nyumbani hakuna atakayejua kwa kukosa kitu. Tuseme 20,000 kwa mwezi. Dau moja lisizidi shilingi 400, asilimia 2. Unaweza kuona ni kidogo mno, lakini kwa pengo la 50 na 57, dau dogo ndilo linalokuacha na pesa hadi mwisho wa mwezi. Ikiisha kabla, mwezi umeisha. Usiongeze kutoka kwenye laini ya kazi, na usibeti kwa Songesha wala mkopo wowote wa simu. Mkopo una riba, dau lina hasara ndani yake, ukiviunganisha unalipa mara mbili.

Kudabo ndiko kunakoua watu haraka zaidi. Unaanza na 500, ukiliwa unaweka 1,000, kisha 2,000, 4,000, 8,000, 16,000. Ukiliwa mara sita mfululizo umeshapoteza 31,500, na sasa unatakiwa kuweka 32,000 ili upate faida ya 500. Hiyo ni kwa odi ya 2.00 bila kodi. Kwa 1.85 iliyokatwa kodi, hata ukishinda dau la saba hasara haizibiki. Na kwenye tenisi laivu mara sita zinaweza kupita ndani ya saa moja, maana gemu ni nyingi na kila moja ina soko lake.

Andika kila dau kwenye daftari la karatasi: tarehe, mechi, odi, jumla ya odi za pande zote mbili (ile 108), kiasi, matokeo, na ulichobaki nacho baada ya kodi. Baada ya miezi mitatu, jumlisha. Kumbukumbu ya kichwani huhifadhi ushindi na kuzika hasara, ndiyo maana kila mtu pale stendi anasema "mimi niko sawa tu". Daftari litakwambia ukweli, na kwa walio wengi ukweli huo ni hasara. Ukiona hivyo, usitafute mkakati mpya. Acha.

Sasa neno langu kwako wewe unayesoma haya ukiwa unadaiwa, au umeshaficha tiketi mwenzi wako asizione, au pesa ya dawa ya mgonjwa pale hospitali ya St. Gaspar imepungua kwa ajili ya mechi. Usiifungue mechi ya leo. Iandikie kampuni kupitia huduma kwa wateja uombe akaunti yako ifungwe, uhifadhi jibu lao, ufute programu kwenye simu, na jioni hii mweleze mtu mmoja wa nyumbani kiasi halisi unachodaiwa, bila kupunguza hata shilingi.